Chumvi Iliyosahau Kuganda

Wenzangu wa chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini, siku mliponiaga kwa keki na ile saa ya ukutani (mke wangu amekataza isitundikwe sebuleni kwa sababu inapiga kelele), mlinitaka niandike jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Nimekaa barazani wiki nzima nikitafuta pa kuanzia. Vyeo sitavitaja, maana nilivipanda polepole kama mgonjwa wa nyonga anavyopanda ngazi. Mishahara nayo mnaijua. Nitawaandikia habari ya kitu kimoja tu: ile mifuko ya chumvi inayopata moto ukiibonyeza, ambayo ninyi mliikuta kabatini mkadhani ilizaliwa pamoja na kabati.

Nilipoanza kazi haikuwepo. Siku ya kwanza niliripoti nikiwa na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. Mkuu wa chumba alikuwa Bi Hidaya, mwanamke mfupi wa Tanga, mpole wa sauti na mkali wa maneno. Alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akaniuliza kama nimekuja kutibu watu au kuposa. Kisha akanikabidhi ndoo, taulo na jiko la umeme, akaniambia hiyo ndiyo shahada yangu ya pili.

Joto tulilitafuta kwa taabu siku hizo. Taulo lilichovywa katika maji ya moto na kukamuliwa kwa mikono, kazi iliyobabua viganja vyangu kabla haijamfaa mgonjwa yeyote. Kulikuwa na chupa za mpira za maji ya moto, na hizo zilichagua kuvuja mgongoni mwa watu wenye heshima zao. Tulikuwa pia na taa ya joto, nyekundu, nzuri mno, ambayo haikuwahi kutuangusha siku yoyote ambayo umeme ulikuwepo.

Bi Hidaya alikuwa na kanuni zake, nami nilizimeza kabla sijamaliza kuonyeshwa choo kilipo. Kabla ya ngozi ya mgonjwa, ngozi yako: kila chenye moto kilipita kwanza upande wa ndani wa mkono wangu, pale juu kidogo ya kiganja, na hakikuondoka hapo mpaka yeye aridhike. Halafu mgonjwa alifumba macho, nikamgusa kwa pamba, akanieleza nimemgusa wapi. Asiyehisi pamba hatahisi kuungua. Watu wa kisukari wamepoteza vidole vya miguu kwa chupa ya maji ya moto waliyoiona ya uvuguvugu. "Ngozi isiyosema," alikuwa akisema, "usiipe moto. Itanyamaza mpaka iive."

Miaka ikapita hivyo, mimi na ndoo yangu. Ndipo likaja boksi.

Lililetwa na wageni waliokuja kutembelea hospitali, wakapiga picha na taa yetu nyekundu, wakaondoka. Ndani mlikuwa na mifuko ya plastiki ngumu inayoonyesha ndani, ukubwa wa daftari, imejaa maji mazito kidogo, na katika kila mfuko kinaelea kisahani kidogo cha chuma. Karatasi ya maelezo iliandikwa kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Bi Hidaya alikuwa kwenye kikao. Mimi nilikuwa na mgonjwa, mzee mmoja muuza kahawa mwenye maumivu ya shingo, amekaa kwenye kiti na kofia yake ameiweka mapajani. Nikaushika mfuko mmoja nikiuchunguza, nikabonyeza kisahani kuona ni cha nini. Kikalia, tiki. Palepale kitu cheupe kikachanua kutoka kwenye kile chuma kama ua, kikatambaa kwenye maji yote, maji yakawa magumu, na ule ugumu ukawa wa moto mikononi mwangu. Niliuachia. Ukatua ndani ya kofia ya mzee. Mzee aliuangalia, akaupapasa, kisha akaichukua kofia pamoja na mfuko wake akajivika shingoni. Aliniuliza kama hiyo ndiyo dawa mpya, nami nikamwambia ndiyo. Hadi leo nadhani ndiye mgonjwa wa kwanza katika hospitali yetu kutibiwa kwa mfuko wa chumvi, ingawa njia aliyoitumia haifundishwi chuoni.

Bi Hidaya aliporudi alitaka kujua kitu hicho kinafanyaje kazi kabla hajakiruhusu tena. Bahati nzuri tulikuwa na Mwalimu Kiwanga, mwalimu wa kemia wa sekondari moja ya mjini, aliyekuja kila Jumanne kwa ajili ya mgongo wake. Tulimpa mfuko akiwa amelala kifudifudi. Akaomba kukaa. Akaukunjakunja, akatabasamu kama mtu aliyekutana na aliyesoma naye, akasema Jumanne ijayo atakuja na vyake.

Alikuja na chupa iliyofungwa kwa pamba, kisahani cha chai na wagonjwa wote wa zamu ile nyuma yake, maana aliwaambia foleni itasubiri. Chumvi hiyo, alituambia, inaitwa sodiamu asetati, na aliipika mwenyewe nyumbani kwa siki na bikaboneti, ule unga mweupe wa kuumulia keki, akayachemsha mchanganyiko wake mpaka maji mengi yakaondoka. Mke wake alikuwa hajamsamehe kwa harufu. Akaweka punje moja ya chumvi kavu kwenye kisahani, kisha akaanza kumimina maji ya chupani juu yake, tone kwa tone. Yalikuwa maji, tuliyaona kwa macho yetu. Lakini kila yalipogusa ile punje yaligeuka jiwe, jiwe likapanda juu kama kichuguu, jeupe, hadi likakaribia mdomo wa chupa. Mama mmoja wa Mazimbu aliyekuja kwa ajili ya goti alisahau mkongojo akasogea kuona.

Mwalimu alieleza taratibu, kama alivyozoea darasani. Ukiipasha chumvi hii pamoja na maji kidogo, inayeyuka yote. Ukiiacha ipoe kwa utulivu, inapita kiwango chake cha kuganda bila kuganda, imesahau. Inahitaji kitu cha kuikumbusha: punje ya mwenzake, vumbi, au tiki ya chuma. Ikikumbuka, inaganda yote kwa pamoja, na lile joto uliloipa kwenye sufuria inalitoa. Haizidi nyuzi hamsini na kitu, alisema, na ikishaganda unaichemsha tena, inaanza upya. Shuleni aliitumia kuwaonyesha wanafunzi kwamba joto linaweza kujificha mahali pasipo na moto. Maabara nyingine huitumia kuzuia uchachu wa maji wanayofanyia vipimo usipande wala kushuka. Kuna hata wanaoinyunyiza kwenye chipsi za pakiti ziwe na ladha ya siki.

Hilo la chipsi angeliacha. Mfuko wa kwanza ulipotoboka, nilimkuta mhudumu wetu wa usafi akiilamba ile chumvi. Alisema si mbaya, imekosa pilipili.

Bi Hidaya aliyasikiliza yote hayo, akauliza swali moja. Nyuzi hamsini na kitu, je, zinaunguza? Mwalimu akajibu kwamba ukizikalisha juu ya ngozi tupu, zinaunguza. Tangu siku hiyo kila mfuko ulivishwa mikunjo minne ya taulo. Tukapata pia sufuria maalumu ya kuchemshia, tukaiandika kwa rangi nyekundu ISIPIKIWE, na ndani ya mwezi mmoja nikaikuta ina maharage.

Kesi ngumu niliyopewa na chumvi ile ilikuwa Bibi Sikujua. Wengi wenu mlimwona uzeeni. Alipokuja mara ya kwanza alikuwa mwanamke mrefu wa milimani, kutoka kijiji kilicho juu ya Mkuyuni, mkulima wa ndizi na magimbi, aliyekuwa akishusha mikungu kichwani tangu usichana. Bega lake la kulia lilikuwa limeganda. Hakuweza kujifunga kilemba. Alisalimiwa shikamoo na chumba kizima akaitikia marahaba moja ya wote, akakaa, akaanza kutuchunguza sisi kabla hatujamchunguza yeye.

Nilimfumbisha macho nikamgusa kwa pamba. Alihisi vizuri, na akaniambia kucha zangu ni ndefu. Nikauleta mfuko, nikabonyeza mbele yake ili aone. Akasimama.

"Mwanangu," alisema, "kitu kinachopata moto bila kuni kina mwenyewe. Mrudishie."

Nilimweleza habari ya chumvi. Alisema chumvi anaijua, ameila maisha yake yote, haijawahi kumchemkia. Nikamweleza habari ya kuyeyuka na kusahau. Akaniuliza kama ninasali. Mwishowe Bi Hidaya, aliyekuwa akisikiliza kutoka pazia la pili, alikuja akampa mfuko ulioganda na kumwomba kitu kimoja tu: aende nao nyumbani, auchemshe kwenye moto wake mwenyewe, kwa kuni zake mwenyewe, mpaka punje yote iishe, auache upoe, kisha aubonyeze. Kama kutatokea mtu ndani, asirudi. Kama hatatokea, alete bega.

Alirudi baada ya wiki mbili. Bega lilikuwa vilevile, gumu kama mlango wa benki. Nikamuuliza kama aliutumia mfuko kama tulivyomwelekeza. Akasema kila siku. Nikamuuliza anauweka wapi. Ikabainika kwamba kuku wake aliyekuwa akiatamia alikufa kwa kicheche siku vifaranga walipototolewa, na baridi ya kule juu mnaijua, basi aliuzungushia mfuko gunia akawawekea katika tenga.

"Na vifaranga?" aliuliza Bi Hidaya.

"Wazima wote."

Bi Hidaya akanigeukia, akasema tumpe Bibi mfuko wa pili, wa bega.

Tangu hapo alikuwa wetu. Bega lilichukua muda wa kumchosha malaika: joto kwanza, halafu kuvuta, halafu kutambaza vidole ukutani juu kidogo, juu kidogo, huku akinitukana kwa Kiluguru ili Bi Hidaya asielewe. Bega halikupona lote. Lilifika mahali pa kilemba, naye akasema hapo panatosha, mambo ya juu ya kilemba amwachie Mungu. Lakini kijijini kwake alikuwa amehubiri. Wakaanza kushuka wenye magoti, wenye viuno, waliobebwa na waliojibeba, mpaka Bi Hidaya akaona ni afadhali sisi tupande. Hivyo ndivyo ilivyoanza ile safari yetu ya mara moja kwa mwezi kwenye zahanati ya kule, ambayo baadhi yenu mmeikimbia kwa kisingizio cha kichefuchefu.

Barabara ile ilitufundisha jambo ambalo Mwalimu Kiwanga hakulitaja. Tunapakia mifuko ikiwa maji. Gari linapanda likirukaruka. Visahani vinajibonyeza vyenyewe. Kufikia nusu ya njia unasikia tiki, tiki, tiki ndani ya begi, na dereva wetu Mponda anauliza kama tumebeba saa. Tukifika juu, mifuko yote imeshakuwa matofali, na moto wake wote umeishia kwenye sandwichi zangu. Ikawa desturi yetu kuichemsha upya jikoni kwa jirani wa zahanati.

Bi Hidaya alistaafu akarudi Tanga, na chumba akaniachia mimi. Aliniachia pia sufuria ya ISIPIKIWE.

Sasa nifike kwenye siku ninayotaka kuwaeleza. Ilikuwa masika, mvua ya siku nyingi mfululizo, ile ambayo milima haionekani na unaanza kusahau kama ipo. Tulikwenda kwenye zahanati ya kule juu kama kawaida, mimi na Mponda. Tulifika, tukahudumia watu asubuhi yote, mifuko ikatumika ikaganda. Wakati najiandaa kuichemsha, likasikika vumo refu kama lori linalomwaga kokoto, lisiloisha. Mlima ulikuwa umemeguka chini yetu. Mponda akaenda kuangalia akarudi na tope mpaka magotini. Barabara imefungwa, gari haliwezi kupita. Mtu kwa miguu anaweza, kwa kuzungukia shambani. Ng'ambo ya tope kuna kirikuu cha ndizi, kile kigari kidogo cha mizigo, kimekwama, dereva wake anangoja kugeuza arudi mjini.

Nilifurahi kidogo, nikadhani nimepata sababu ya kulala kijijini na kula kisamvu. Ndipo Neema akatoka chumba cha ndani.

Neema alikuwa muuguzi wa zahanati, msichana mtulivu wa Gairo, asiyependa kutumia maneno mawili pale panapotosha moja. Alinieleza kwamba alfajiri amezalisha. Mama ni Zaina, mjukuu wa Bibi Sikujua. Mtoto amekuja kabla ya wakati, mdogo sana. Mama ametokwa na damu nyingi. Damu sasa imesimama, dripu inakwenda, lakini anatetemeka na hana nguvu ya kumshika mtoto. Umeme umekatika tangu nguzo ianguke. Wote wawili wanatakiwa mjini. Na mtoto anapoa.

Niliingia. Mtoto alikuwa amefunikwa khanga mbili na kofia ya sufi, uso kama wa mzee aliyekerwa. Neema alinishikisha nyayo zake. Zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Hakulia. Hilo ndilo lililonitia hofu, maana mtoto anayelia yumo kazini.

Neema alisema kwamba anachohitaji mtoto ni mtu wa kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, njia yote. Baba alikuwa Dakawa kwenye mpunga. Aliyekuwepo alikuwa Bibi Sikujua, naye alishaanza kufungua khanga yake ya juu. Lakini Bibi alikuwa ametembea kwenye mvua kuja zahanati. Neema alimshika kifua, akanitazama. Hata Bibi alikuwa wa baridi. Mzee wa umri ule akishalowa, joto lake hurudi kwa hiari yake.

Kila mtu pale aliliangalia begi langu. Walikuwa wamekwisha kuwaona vifaranga wa Bibi. Hadithi ile ilikuwa ya kijiji kizima. Mponda alilisema waziwazi: tumzungushie mtoto mifuko. Nami nilijua kwamba sitafanya hivyo. Ngozi ya kichanga wa siku moja, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, haiwezi kusema, na mfuko ule ungemuunguza kimyakimya ndani ya khanga huku sisi tukifurahi kwamba amepata joto. Vifaranga walikuwa na manyoya na nafasi ya kukimbia.

Sijui lile wazo lilitoka wapi. Pengine lilitoka kwa kumwangalia Bibi, ambaye ngozi yake nimeipima mara nyingi kuliko ngozi ya mtu yeyote nje ya nyumba yangu, na ambayo haijawahi kunyamaza.

"Hatumpi mtoto," nikamwambia Neema. "Tunampa Bibi. Bibi atampa mtoto."

Neema alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaenda kumvua Bibi nguo zenye maji.

Jikoni kwa jirani kulikuwa na sufuria moja kubwa, na ilikuwa na maharage ya wagonjwa. Maharage yakahamia kwenye beseni kukiwa na manung'uniko. Maji yakachemka, nikatumbukiza matofali yangu. Sasa mnajua ninyi jinsi kazi hii inavyotaka subira. Mfuko unaonekana umeyeyuka wote, kumbe kwenye kona, karibu na mshono, imebaki punje moja, na hiyo moja inatosha kuukumbusha mfuko mzima kabla hujautaka. Neema alikuja mara ya kwanza akauliza kama tayari. Akaja tena. Watu wanne walikuwa wameshaandaa machela ya Zaina kwa miti na blanketi. Nami nimeinama juu ya mvuke, nageuza kila mfuko kwenye mwanga wa mlango, naurudisha. Mama wa jikoni alitaka kujua kama naivisha au natafuta chawa.

Ilipokuwa safi yote, nusu niliifunga ikiwa bado na moto wa sufuria, nikaizungushia mikunjo minne, nikaipima mkononi kwangu, nikamwekea Bibi mgongoni na chini ya makwapa. Nusu nyingine nikaiacha ipoe kwenye kikapu, nikaibeba mwenyewe kama mayai. Mtoto akaingizwa kifuani kwa Bibi, uchi na kofia yake, khanga zikazunguka wote wawili, na juu yake koti langu la mvua.

Tulivuka tope kwa kuzungukia mashamba ya ndizi. Machela ilitangulia, Neema pembeni yake ameinua chupa ya dripu juu kama mtu anayeulizia bei kutoka mbali. Mimi na Mponda tulimshika Bibi, mmoja kila upande. Hakuteleza hata mara moja. Sisi tuliteleza, na kila tulipoteleza alitukumbusha kwamba njia ile aliipita na mkungu kichwani kabla baba zetu hawajaota ndevu.

Dereva wa kirikuu alipoona tunavyokuja alianza kushusha ndizi zake kando ya barabara, mkungu kwa mkungu, akasaidiwa na waliobeba machela, akaziacha pale mvuani. Zaina akalazwa nyuma chini ya turubai, Neema na Mponda wakakaa naye. Bibi na mtoto wakakaa mbele na dereva, nami nikajibana mlangoni nusu nimekaa, nusu nimesimama, na kikapu mapajani.

Tulipofika Mkuyuni mifuko ya kwanza ilikuwa imeanza kupoa. Nikapenyeza mkono kwenye kikapu, nikautoa mmoja ambao ulikuwa bado maji, nikabonyeza. Tiki. Nikauvisha, nikaupima, nikaupitisha mgongoni mwa Bibi. Akavuta pumzi ndefu.

Baada ya muda akasema mgongo wake sasa umeiva upande mmoja, nigeuze. Nikaugeuza. Hivyo tukashuka, mimi nikibonyeza na kubadilisha, Bibi akitoa taarifa ya mgongo wake kama redio: hapa pamepoa, hapa pamezidi, hapo pana maumivu ya jana, pasiguswe. Mfuko mmoja ulikataa kabisa, kisahani kilikuwa kimechoka. Dereva wa kirikuu akaomba ajaribu, ukamkatalia pia. Kila kidogo nilimwomba Bibi aniruhusu niguse nyayo za mtoto, naye alifungua khanga upenyo wa vidole viwili. Zilikuwa baridi. Baadaye zikawa baridi kidogo. Karibu na mjini nikazigusa nikadhani nimekosea nimemgusa Bibi.

Halafu mtoto akalia. Kilio chembamba, cha hasira, cha mtu anayedai chake. Dereva alipunguza mwendo, akanitazama kwa woga, akauliza kuna nini. Bibi ndiye aliyemjibu.

"Hamna kitu, baba. Ana njaa. Kanyaga."

Tulifika hospitali alasiri, mvua imepungua. Zaina alipelekwa upande mmoja, akaongezewa damu. Muuguzi wa wodi ya watoto njiti alimpokea mtoto, akampima joto akiwa bado kifuani kwa Bibi, akaangalia kipimo, akapima tena. Akauliza tumemleta na gari la wagonjwa lipi. Mponda akasema la ndizi.

Niwaambie mapema ili msiwe na wasiwasi: wote wawili walipona. Zaina alipopata nguvu alianza kumbeba mwanawe kifuani mwenyewe, wakakaa wodini mpaka mtoto akafikia uzito wa kuruhusiwa. Anaitwa Maulidi. Juzi mama yake aliniletea picha yake kwenye simu, amepanda juu ya kitu ambacho hakustahili kupanda. Yule dereva alirudi kwenye ndizi zake kesho yake akakuta wanakijiji wamezifunika kwa majani na hakuna hata dole lililopungua.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kitu kidogo kilichotokea jioni ileile. Zaina aliamka, akaomba mtoto. Neema akamwendea Bibi, akafungua zile khanga, akamtoa mtoto taratibu akampeleka kwa mama yake. Bibi alibaki kwenye benchi la korido, mikono yake bado imekunjwa mbele ya kifua palepale alipokuwepo mtoto. Akaanza kutetemeka. Njia nzima hakutetemeka hata mara moja. Sasa alitetemeka mabega, kidevu, magoti, mpaka benchi likawa linagonga ukuta.

Nilitafuta kwenye kikapu. Ulikuwa umebaki mfuko mmoja ambao ulikuwa bado maji. Nikaubonyeza, nikauzungushia taulo, nikaupima mkononi, nikamwekea kifuani.

"Huu ni wako, Bibi," nilimwambia. "Si wa kumpa mtu."

Aliukumbatia kwa mikono yote miwili. Kutetemeka kukapungua, kukaisha. Baadaye kichwa chake kikaegemea begani kwangu, na Bibi Sikujua akalala usingizi mzito, anakoroma, katikati ya korido ya hospitali, watu wakipita na machela na mabakuli ya uji. Mponda alikuja kunifuata, nikamwashiria aende. Sikusogea mpaka mfuko ukapoa.